Mbuzi kwenye gunia, safari hii ni mbwa



Kuna mchezo nauona unazidi kuliza watu, na leo nataka tuuchambue kidogo. Unaingia mtandaoni, unakuta picha ya mtoto wa German Shepherd, masikio ndo kwanza yanaanza kusimama, kakaa kwenye majani mabichi. Bei ni ya kawaida, tena imepoa kidogo. Unamwandikia muuzaji, anajibu hapo hapo na kwa heshima zote. Anakwambia wamebaki wawili tu, na kuna mtu wa Mwanza keshaulizia. "Kaka, wewe nitumie nusu tu nikushikilie." Unatuma. Mbwa haji.

Watu wakisikia habari kama hii wanacheka na kusema mjini shule. Mimi sicheki. Ukiutazama mchezo wenyewe kwa makini utaona anayelizwa si lazima awe mjinga. Mtego umejengwa na mtu anayejua anachofanya.

Jiulize kwanza, kwa nini mbwa na sio friji? Friji ukiikosa kwa huyu, utapata kama hiyo hiyo kwa mwingine. Mtoto wa mbwa ni yule yule mmoja, akichukuliwa kachukuliwa, kwa hiyo ukiambiwa kuna mteja mwingine lazima roho ikudunde. Halafu kuna mapenzi. Picha ikishafika nyumbani, watoto wameshampa jina, na kuanzia hapo aliyeshika simu hafanyi tena biashara, anamfuata mtu wake. Tatu, wengi wetu hatujui mbwa wa mbegu nzuri anauzwa bei gani hasa, hivyo bei ya uongo haitushtui. Na la nne ndilo kubwa: mbwa ni kiumbe hai. Friji haiugui njiani. Mbwa anaweza kuumwa, kudaiwa chanjo, kudaiwa kreti ya kusafiria, kudaiwa kibali. Kila kimoja ni sababu ya kukuomba hela nyingine.

Na hapa msidhani ni mambo ya Bongo tu. Uingereza, katika miezi miwili ya Machi na Aprili 2020, watu walipofungiwa ndani kwa ajili ya korona na kila mmoja akitaka mnyama wa kumpa kampani, watu 669 waliripoti kwa Action Fraud, kituo cha kupokea taarifa za utapeli, kwamba wamepoteza jumla ya pauni 282,686. Wote walitanguliza hela kwa wanyama waliowaona kwenye matangazo ya mtandaoni. Hao ni wa nchi yenye kadi za benki, polisi wa mtandao na anwani kwenye kila nyumba. Na hao ndio walioripoti. Waliokaa kimya kwa aibu hawamo.

Marekani nako, Desemba 2020, waendesha mashtaka wa Pittsburgh walitangaza kumshtaki mwanafunzi raia wa Kamerun aliyekuwa akiishi Romania. Mashtaka ni madai, si hukumu, ila njia iliyoelezwa ndani yake inafundisha. Tovuti zilitangaza watoto wa mbwa wadogo aina ya dachshund. Mteja akishalipa, anaibuka mtu mwingine anayejifanya kampuni ya usafirishaji na kudai hela zaidi. Ilifika mahali wateja wanaambiwa mbwa amekuwa karibu na virusi vya korona, kwa hiyo walipie chanjo na hati ya dhamana ya chanjo, hela ambayo eti ingerudishwa. Aprili 2022, kampuni ya Google nayo ikafungua kesi California dhidi ya mtu mmoja wa Kamerun, ikimtuhumu kuendesha tovuti za kuuza watoto wa mbwa ambao hawakuwepo.

Sasa soma tena hapo juu. Hela ya kwanza haikuwa shabaha, ilikuwa ndoano. Hili ndilo ninalotaka mlishike, hata kama mengine yote mtayasahau.

Ukiwa hujatuma kitu, wewe ni mnunuzi, unaweza kusema "asante, nimeghairi" ukaendelea na maisha yako. Ukishatuma laki moja, umegeuka mtu anayeifukuzia laki yake. Akikwambia kreti ni elfu hamsini, hupigi hesabu ya elfu hamsini, unapiga hesabu ya laki itakayopotea usipotoa. Ukitoa, sasa una laki na nusu ya kuiokoa. Kadiri unavyopoteza ndivyo unavyozidi kuwa mteja mzuri. Tapeli hakuombi bei nzima kwa sababu anajua nusu ina kazi zaidi.

Kiswahili chetu kina neno la zamani, arubuni, wengine husema rubuni. Ni ile fedha inayotangulizwa ili biashara ifungwe, leo tunaita kianzio au advansi. Na kitenzi kurubuni maana yake kumhadaa mtu. Sijui wazee waliona nini, lakini maneno haya mawili kukaa karibu hivyo yanatosha kukufanya usite kabla hujabonyeza namba ya siri.

Tuwe wakweli lakini, kianzio si dhambi. Mafundi seremala wanachukua, wenye kumbi za harusi wanachukua. Mfugaji wa mbwa mwaminifu naye ana sababu: wanunuzi wa "nakuja kesho" ni wengi, wanamfanya amkatalie mteja wa kweli halafu wao hawaonekani. Tofauti iko wapi? Kwa fundi unaijua karakana yake. Akizingua, unamfuata na wajomba zako. Kianzio ni kamba inayowafunga watu wawili, na kila mmoja anajua mwenzake anakaa wapi. Kama upande wa pili haujulikani ulipo, hiyo kamba imefungwa shingoni mwako peke yako.

Waingereza wameliweka hili kwenye sheria. Tangu tarehe 6 Aprili 2020, England ina kanuni zinazojulikana kama Sheria ya Lucy, jina la mbwa aliyeokolewa mwaka 2013 kutoka shamba la kuzalishia mbwa kule Wales. Madalali wa biashara wamekatazwa kuuza mbwa na paka wa chini ya miezi sita. Mnunuzi aende kwa mfugaji mwenyewe au kwenye kituo cha kulea wanyama, na mfugaji mwenye leseni lazima amwonyeshe mtoto akiwa na mama yake. Lengo la kwanza ni kuwalinda wanyama, ila angalieni inavyombana tapeli: hana mama wa kuonyesha.

Sisi hatuna haja ya kusubiri Bunge. Jiwekee sheria yako: hakuna hela kabla ya macho. Kama mbwa yuko Arusha na wewe uko Mbeya, nchi hii hukosi ndugu au mtu uliyesoma naye kule. Mtume. Aende, amwone mtoto na mama yake, aone kadi ya chanjo, ampigie simu daktari wa mifugo aliyeigonga mhuri. Akiridhika ndipo kianzio kitoke, na kiandikwe: majina, namba za simu, tarehe, mbwa yupi, na hela inarudi kwa hali gani. Muuzaji wa kweli atafurahi kumpokea mgeni. Asiye wa kweli utamsikia: niko safarini, nyumbani kuna mgonjwa, mbwa yuko kwa shemeji. Simu ya video inasaidia, ila siku hizi hata video inatengenezwa, kwa hiyo isikutoshe.

Kuna upande mwingine wa mchezo huu ambao haujadiliwi, na unawahusu vijana moja kwa moja. Hela ya utapeli lazima iingie kwenye laini ya mtu. Ndipo mshkaji anakuja na mchongo: "Nisaidie laini yako, kuna hela itaingia, itoe kwa wakala, chukua elfu kumi yako." Hujamtangazia mtu mbwa, hujamdanganya mtu. Lakini aliyelizwa akienda polisi, jina litakalosomeka ni lako, na kitambulisho cha NIDA ni chako. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu 2015, na kujieleza kwamba ulikuwa unamsaidia rafiki ni kazi nzito ukiwa tayari uko ndani. Laini yako ni kama kidole chako. Piga *106# uone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, na usiyoitambua ikafutwe.

Na kama umeshatuma? Acha aibu, dakika ndo zinahesabika. Piga huduma kwa wateja wa mtandao wako hapo hapo uombe muamala uzuiwe, maana ikishatolewa kwa wakala, kuipata ni shughuli pevu. Tunza meseji zote, usizifute kwa hasira. Nenda polisi. Meseji ya kitapeli itume 15040, namba ya TCRA. Na akikupigia mtu anayedai anaweza kukurudishia hela yako ukilipa "gharama ndogo", jua ni wale wale wamerudi kuchukua kilichobaki.

Kinachoniuma mimi si laki ya mtu mmoja tu. Kuna vijana wanafuga mbwa, kuku, sungura kwa jasho lao, na mtandao ndio duka lao pekee kwa sababu kodi ya fremu hawaiwezi. Kila tapeli anayefanikiwa anamfungia mmoja wao duka. Ndiyo maana sipendi kusikia aliyelizwa akichekwa. Akichekwa atanyamaza, akinyamaza namba ile ile inahamia kwa mwingine.

Haya wadau, jamvi ni lenu. Wanunuzi mliowahi kukutana na hawa jamaa, mtupe mbinu zao. Wafugaji mlio wakweli, mtuambie: mnachukuaje kianzio bila kumtia mteja wasiwasi? Matusi hapana, hoja ruksa.