Mbotela ni Wetu, Tukubali Tusikubali

Jumapili jioni pale Mama Ngina, kwenye mihogo ya kukaanga, vijana walikuwa wakibishana ni nani mtangazaji bora wa mpira kupata kutokea Kenya. Mzee mmoja akamtaja Leonard Mambo Mbotela. Kijana akamjibu, "Huyo wa bara, mzee. Sisi twataka wa kwetu."

Wa bara! Mbotela alizaliwa Freretown mwaka 1940, hapo ukivuka tu daraja la Nyali, Kengeleni. Alifariki Februari 7, 2025.

Alijiunga na Sauti ya Kenya mwaka 1964. Televisheni ilikuwa ya wachache, mpira ulionekana kwa masikio. Mtangazaji alipaswa kukwambia mpira uko wingi gani, nani anaukokota, beki gani kaachwa, na ayamalize yote kabla haujafika kwa mwengine. Mbotela aliyaweza kwa Kiswahili kisichokwama. Mtu wa Kakamega asiyewahi kuiona bahari aliyapata maneno yetu kupitia kabumbu. Na Agosti 1, 1982, wanajeshi walioasi walipotaka nchi iwasikilize, walimtoa nyumbani kwake wakampeleka studio. Walijua Wakenya waiamini sauti ya nani.

Sasa tusifichane. Freretown ilianzishwa na wamishenari miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, na baba yake, James Mbotela, ndiye aliyeandika Uhuru wa Watumwa, kitabu cha 1934. Sisi wa Mji wa Kale tuna tabia ya kumpima Mswahili kwa msikiti na ukoo. Wa Kengeleni twawaacha nje, kisha twajisifu kuwa Kiswahili ni chetu. Muungwana, kwa lugha ya wazee wetu, alikuwa yule asiye mtumwa. Basi tazama: ni mtoto wa Freretown aliyeanzisha kipindi mwaka 1966, akakiita Je, Huu ni Ungwana?, akawauliza Wakenya swali hilo kwa zaidi ya nusu karne. Wengi tulikuwa tukicheka visa vyake tu. Mimi siku hizi jina lile lanichoma kidogo.

Nina ombi kwa kaunti. Uwanja wetu wa Manispaa, chumba cha watangazaji kipewe jina la Mbotela, kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili. Na mechi ya kwanza humo itangazwe na kijana wa Kisauni.