Huruma Inayomlipa Muuzaji

Dada yangu aliyeko Ubelgiji alinunua kobe mgonjwa dukani. Eti amemwokoa! Wenzangu darasani walimsifu. Mimi napinga. Muuzaji hakuiona huruma yake. Aliona mnyama aliyekaribia kumtia hasara amelipiwa. Kesho ataleta mwingine.

Huyo mwingine atatoka wapi? Alikuwa kobe-chapati, yule bapa ajifichaye katika nyufa za miamba ya Kenya na Tanzania. Jike kwa kawaida hutaga yai moja tu kwa mara moja, basi porini pengo la mmoja halizibiki upesi. Ndiyo maana mwaka 2019 mkataba wa CITES ulipiga marufuku biashara ya kimataifa ya kobe hao waliokamatwa porini.

“Kwa hiyo tumwache afe?” Swali hilo linauma, silikwepi. Waiteni maafisa wa wanyamapori, lakini msilipe. Dada yangu yeye ameshalipa. Mapovu puani na macho yaliyodidimia si ugonjwa wa jana, kwani kobe huficha maradhi. Ampe joto, ampeleke kwa daktari wa wanyama leo hii. Na duka lile asilikanyage tena, hata kununua taa.