Pikipiki ya Njombe: tazama mlima kabla ya rangi

Msikilizaji, pikipiki inayokimbia vizuri Dar es Salaam inaweza kukata pumzi ikipanda milima yetu. Sababu ni hewa. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa huku ni nyepesi, na injini ya kabureta hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Injini ya cc 100 ukiibebesha gunia la viazi, inahangaika na kula mafuta.

Kwa abiria wa lami pale Makambako, cc 125 inatosha. Kwa anayetoa viazi au parachichi shambani, kwenye tope la masika, tunashauri cc 150, tairi zenye meno na shokapu imara.

Kiti kizuri nacho si anasa. Kinalinda mgongo wa anayeshinda barabarani kutwa.

Urembo uje mwisho. Tangi linalong'aa halilipi hesabu ya tajiri. Kwa dereva wa mkataba, pikipiki ikilala gereji ikisubiri spea, deni halilali. Kabla ya kulipa, muulize fundi wa kijijini kwako: spea zake zipo hapa, au mpaka ziagizwe Dar?