Mikataba ya Biashara: Tusiitwe Ofisini Mmoja Mmoja



Kila mfanyakazi anajua tofauti ya kwenda kwa mwajiri peke yake na kwenda pamoja na wenzake. Akienda peke yake huulizwa jina lake, namba yake ya kazi na siku alizochelewa. Wakienda mia tano, huulizwa wanataka nini. Ndiyo sababu tuna vyama.

Nchi nazo ziko hivyo hivyo. Wengi wetu tukiona maneno “ushuru wa forodha” au “soko la pamoja” tunafungua ukurasa mwingine, tukidhani hayo ni mambo ya mawaziri na matajiri. Lakini mkataba unaotiwa sahihi leo katika mji wa mbali ndio unaoamua kama mwakani kiwanda kitafanya kazi zamu tatu au zamu moja, na kama shamba litaandika vibarua au litawapunguza. Yafaa basi tuelewe mambo haya yanavyokwenda.

Mwaka 1947, baada ya Vita Kuu ya Pili, nchi 23 ziliandika Mkataba Mkuu wa Ushuru na Biashara. Msingi wake ulikuwa mmoja: usibague. Ukimpunguzia ushuru mwanachama mmoja, uwapunguzie wote. Lakini kifungu cha 24 cha mkataba huo kiliacha mlango wa pembeni. Nchi chache zikikubali kuondoleana ushuru karibu katika biashara yao yote, zinaruhusiwa kupendeleana. Mwaka 1979 nchi zinazoendelea zilipewa ruhusa ya kupendeleana kwa masharti mepesi zaidi. Tangu 1995 kanuni hizi zinasimamiwa na Shirika la Biashara Duniani, lenye makao yake Geneva.

Sasa mlango wa pembeni umefunguka wazi. Mikataba ya namna hiyo inayofanya kazi duniani imezidi 350. Kanuni ya usawa ingali imeandikwa, lakini sehemu ya mizigo inapitia kwenye upendeleo. Tena Desemba 2019 baraza la rufaa la Shirika hilo lilikwama, kwa kuwa Marekani ilizuia uteuzi wa waamuzi wapya. Mwamuzi akiwa dhaifu, mdogo hana pa kushtaki. Kilichobaki ni kusimama na jirani zake.

Kwa hiyo hatusemi kwamba mikataba ya majirani ni mibaya. Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki, iliyovunjika mwaka 1977 na kufufuliwa kwa mkataba wa 1999, ilianza Umoja wa Forodha mwaka 2005. Nchi wanachama zilikubaliana kuondoleana ushuru na kujenga ukuta mmoja kuelekea nje: malighafi asilimia 0, bidhaa za kutengenezea nyingine asilimia 10, bidhaa zilizokamilika asilimia 25. Mwaka 2022 ikaongezwa ngazi ya asilimia 35 kwa baadhi ya bidhaa. Sukari kutoka nje iliwekewa asilimia 100. Mkata miwa hahitaji kuelezwa maana yake. Bila ukuta huo, sukari ya nje ingeshuka bandarini kwa bei ambayo mashamba yetu yasingeiweza.

Lakini ukuta ni ukuta ikiwa hauna tundu. Hapo ndipo penye hoja yangu.

Ili kuelewa tundu lilivyotobolewa, tuanze na ndizi. Mwaka 1975, katika mji wa Lomé, nchi za Ulaya zilikubali kupokea bidhaa nyingi za Afrika, Karibea na Pasifiki bila ushuru, na bila kudai nasi tuondoe ushuru wetu. Ndizi za nchi hizo zilipendelewa kuliko ndizi za Amerika ya Kati na ya Kusini. Ecuador, Guatemala, Honduras na Mexico, pamoja na Marekani, ambayo makampuni yake makubwa yalifanya biashara ya ndizi za huko, zilishtaki kwa Shirika la Biashara Duniani. Mwaka 1997 zikashinda. Upendeleo ule haukuwa wa wote, wala haukuwa mkataba wa kuondoleana ushuru pande zote mbili, kwa hiyo haukuwa na mahali katika sheria. Ulaya ilipewa muda mpaka mwisho wa 2007 kurekebisha mambo.

Ulaya ikasema: sasa tuandikiane mikataba mipya, ninyi mtuuzie bila ushuru, nasi tuwauzie bila ushuru. Hivyo ndivyo ulivyozaliwa Mkataba wa Ubia wa Uchumi. Kesi ya ndizi za ng’ambo ya bahari ikaja kubisha hodi kwenye mashamba ya maua ya Naivasha.

Majadiliano na Jumuiya yetu yalichukua miaka mingi. Ulaya ikaweka siku ya mwisho: 1 Oktoba 2014. Siku hiyo ilipopita bila makubaliano, maua ya Kenya yalianza kutozwa ushuru wa kati ya asilimia 5 na 8.5 yalipoingia Ulaya. Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi hazikuguswa. Hizi zimeandikwa kuwa nchi maskini kabisa, na tangu 2001 Ulaya hupokea bidhaa zake zote bila ushuru isipokuwa silaha. Kenya haimo katika orodha hiyo. Makubaliano yakafikiwa mwezi huo huo, na tarehe 25 Desemba ushuru ukaondolewa.

Tazameni jambo hili vizuri. Nchi nne zingeweza kukataa bila kupoteza chochote. Moja isingeweza. Ni sawa na mwajiri kuwaambia wafanyakazi watano: ninyi wanne mkigoma sitawafanya kitu, lakini huyu wa tano atafukuzwa. Halafu anakaa na kungoja umoja wao uvunjike wenyewe.

Na ulivunjika. Mwaka 2016 Kenya na Rwanda zilitia sahihi. Tanzania ilikataa, na Bunge lake likapinga mkataba huo Novemba mwaka huo. Uganda haikutia sahihi. Hatimaye Kenya iliingia peke yake: ilitia sahihi Desemba 2023, na mkataba ukaanza kutumika 1 Julai 2024.

Sisi wafanyakazi wa Uganda tusiwe wepesi kumlaumu Mkenya. Mama anayekata na kufunga maua Naivasha ana watoto wa kulisha kama sisi. Tungekuwa sisi tunaotozwa, tungepiga kelele kama yeye. La kulaumu ni kwamba Jumuiya nzima haikukaa ikamwambia: mzigo wako tutaubeba pamoja mpaka tupate mkataba ulio bora.

Sasa hasara iko wapi? Tufanye hesabu ya mfano. Kiwanda cha Jinja kinatengeneza sanduku la bidhaa kwa shilingi 120. Sanduku kama hilo kutoka Asia linafika kwa 100, na likitozwa asilimia 25 linakuwa 125. Jinja inauza. Sanduku la Ulaya linafika kwa 115. Likitozwa ushuru linakuwa karibu 144, halipati mnunuzi. Ondoa ushuru wa Ulaya peke yake: sanduku lile linauzwa 115. Jinja inashindwa. Mwenye bei nafuu kuliko wote, yule wa Asia, naye anashindwa. Na hazina ya serikali haipati hata senti ya forodha. Biashara imehama kwa sababu ya karatasi tu. Hakuna aliyefanya kazi vizuri zaidi. Mikataba zaidi ya 350 ikifanya hivyo, biashara ya dunia nzima inafuata karatasi.

Mtu atasema: Uganda haikutia sahihi, kwa nini bidhaa hiyo itufikie? Ni kweli, kisheria inapaswa kulipa ushuru ikivuka kuja kwetu. Lakini mizigo yetu mingi inapitia Mombasa, na ndani ya Jumuiya tulikusudia mizigo ipite bila kusumbuliwa mpakani. Ikiwa nchi moja ina ushuru wake kwa Ulaya na nyingine wake, lazima kila sanduku liulizwe limetoka wapi. Malori yatapanga foleni Malaba na Busia, na magendo yatapata njia.

Haki itendeke katika kusema. Mkataba wa Kenya hauondoi ushuru wote wala kwa siku moja. Unaenda hatua kwa hatua kwa muda wa hadi miaka 25, na bidhaa zenye thamani ya kama asilimia 17 ya manunuzi kutoka Ulaya zimewekwa kando, zikiwamo nguo na mazao kadhaa ya shamba. Una pia sura inayotaja haki za wafanyakazi. Lakini una sharti jingine: Kenya ikimpa mfanyabiashara mwingine mkubwa wa dunia masharti bora zaidi, Ulaya nayo inaweza kuyadai. Ndivyo mkataba wa watu wawili unavyofunga mkono wa mmoja wao asizungumze kwa uhuru na wa tatu.

Wala hili si la Ulaya tu. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya walikubaliana kupunguza na hatimaye kukomesha mitumba, ili viwanda vya nguo vipate kupumua. Wauzaji wa nguo kuukuu wa Marekani walilalamika kwa serikali yao mwaka 2017, nayo ikatishia kuondoa nafuu ya ushuru inayoitwa AGOA. Kenya ikarudi nyuma. Mwaka 2018 Tanzania na Uganda nazo zikarudi nyuma. Rwanda ikabaki peke yake na ushuru wake wa dola 2.50 kwa kilo, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa katika nafuu hiyo. Wote walikuwa wameahidiana. Waliitwa ofisini mmoja mmoja.

Na sisi kwa sisi tunafanyiana nini? Kila mwaka nchi zetu huomba ruhusa ya kutoza ushuru tofauti na ule tuliokubaliana. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu kuvu, kisha ikalegeza baada ya siku chache. Ukuta unaobomolewa kutoka ndani hauhitaji adui wa nje. Tukishindwa kuheshimiana watu wachache wa jumuiya moja, tutawezaje katika Eneo Huru la Biashara la Afrika nzima, ambalo mkataba wake ulianza nguvu mwaka 2019?

Kwa hiyo vyama vyetu vidai mambo manne. Kwanza, wajumbe wa wafanyakazi wawemo kabla mkataba haujatiwa sahihi, na maandishi yasomwe katika lugha tunazozijua. Pili, nchi ya Jumuiya isitie sahihi peke yake. Na ile itakayotozwa kwa kusimama na wenzake, wenzake wachangie hasara yake. Tatu, vyama vya Uganda, Kenya, Tanzania na jirani zetu wote vikutane kila mara jambo kama hili linapozuka, tusisikie habari zake redioni. Nne, sura za haki za kazi zilizomo katika mikataba zisiachwe kabatini. Viongozi wa matawi wazisome na wazitumie mezani kwa mwajiri.

Tulijifunza umoja kiwandani na shambani, kwa kufukuzwa na kurudishwa. Tuwafundishe mawaziri wetu somo hilo hilo kabla barua ya kuwaita haijafika tena.