Nani alipika picha hii?

Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia Goma, nilituma picha katika kundi la WhatsApp la familia yetu. Ilionyesha barabara, magari yaliyoungua na watu waliolala chini. Chini yake paliandikwa maneno matatu: "Goma, leo asubuhi." Mama mdogo ana mtoto huko, na kwa siku mbili simu ya mtoto huyo ilikuwa haipatikani. Aliikuza picha ile, akapitia maiti mmoja mmoja akitafuta shati la mwanawe.

Jioni ndugu mmoja akaniuliza swali moja tu: "Kile kibao cha duka kimeandikwa kwa lugha gani?" Kilikuwa cha Kiarabu. Mimi ninayesomea isimu, ninayekesha na ngeli za majina, sikuwa nimesoma kibao kilichokuwa mbele ya macho yangu. Kesho yake mtoto alipiga simu, yu mzima. Lakini tangu siku hiyo mama mdogo hafungui picha ninazomtumia, hata zile za harusi.

Nimelifikiria sana kosa hilo. Naona kwamba picha yenyewe haikusema uongo: mahali fulani, siku fulani, watu wale walianguka kweli. Uongo ulikuwa katika yale maneno matatu. Ndiyo maana nasema kwamba jambo la picha za kidijitali si la mafundi wa kompyuta peke yao. Linatuhusu sisi wa kitivo cha lugha, na shule nzuri ya kujifunzia ni maonyesho ya picha.

Katika simu, picha hupita kwa mwendo wa kidole gumba. Hatuulizi imetoka wapi, kwa sababu aliyetuletea ni mtu tunayempenda. Katika maonyesho tunasimama. Tunasogea, tunarudi nyuma, tunasoma maelezo yaliyobandikwa pembeni: nani, wapi, mwaka gani. Tunapata muda wa kuona kwamba jicho letu limekwisha kuamini kabla hatujatazama.

Chukueni kazi ya Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi aliyesoma katika chuo kikuu cha mji huu na mmoja wa waanzilishi wa kituo cha Picha, kinachoandaa Biennale ya Lubumbashi. Katika mfululizo wake uitwao "Mémoire", wa mwaka 2006, alitoa watu katika picha za zamani za ukoloni, wafanyakazi na mabwana zao, akawaweka juu ya picha mpya za viwanda vya Gécamines vilivyokufa. Watu ni weusi na weupe, magofu yana rangi. Hakuficha mshono. Anayetazama anajua kwamba mambo mawili yameunganishwa kwa mkono, na ndipo anauliza kwa nini. Picha niliyoituma mimi nayo ilikuwa na mshono, kati ya barabara ya nchi nyingine na jina la Goma, lakini aliyeiunga alificha uzi.

Mtu atanipinga: hata maonyesho hudanganya. Ni kweli. Mwaka 2021 Jonas Bendiksen, mpiga picha wa Norwe, alitoa kitabu kuhusu Veles, mji wa Makedonia ya Kaskazini uliojulikana kwa vijana waliotengeneza habari za uongo. Watu katika picha zake waliundwa kwa kompyuta, na maandishi pia. Kazi hiyo ilionyeshwa kule Perpignan, Ufaransa, mbele ya mabingwa wa upigaji picha, na hakuna aliyeshtuka. Ilimbidi Bendiksen mwenyewe afungue akaunti bandia ili ajishtaki. Kwangu mimi hilo linatia nguvu hoja yangu. Jicho la bingwa peke yake halitoshi, inatakiwa desturi ya kuuliza. Na pale alikuwapo mtu mwenye jina, aliyekiri na kujibu maswali. Aliyeandika "Goma, leo asubuhi" hatutamjua kamwe.

Kiswahili sanifu husema kupiga picha. Sisi wa Lubumbashi, ambao g yetu mara nyingi hugeuka k, tunasema kupika foto. Najua kwamba ni bahati ya sauti tu, wala sidai kwamba maneno hayo mawili yana asili moja. Lakini bahati hiyo inatufaa. Chakula kikiletwa mezani, tunauliza nani alikipika na alitia nini. Picha nayo inastahili swali hilo hilo.

Basi napendekeza jambo dogo. Kitivo chetu kiandae maonyesho ya wiki moja katika ujia, karibu na zile valve za matangazo. Tutundike picha moja mara tatu, kila mara na maelezo tofauti: kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, kwa Kibemba. Kabla ya kusoma maelezo, kila mgeni aandike anachokiona. Baada ya kusoma, aandike tena. Wanafunzi wa isimu wakusanye majibu hayo na kuyajadili darasani pamoja na walimu wetu: ni neno gani lililobadilisha jicho, na kwa nini?

Kazi hiyo inahitaji karatasi, gundi na ruhusa ya mkuu wa kitivo. Karatasi na gundi nitaleta mimi. Na siku ya kufungua nitamwalika mama mdogo, nione kama atakubali kutazama.