Wacha Kujifanya Sherlock. Hesabu Ngazi Kwanza.

Wasee, wacha niseme kitu ambacho mashabiki wa Sherlock Holmes hawatapenda: wengi wenu mmechukua koti mkaacha kichwa.

Siku hizi kila mtu ni mpelelezi. Mtu anaona viatu vya dem kwenye video ya sekunde 10, anakwambia alilelewa wapi na kwa nini mapenzi hayamwendei poa. Skrinshoti moja ikiangushwa kwenye grupu, kesi imeisha. Mshukiwa amepatikana na hukumu imetoka kabla hata mwenyewe hajaamka. Halafu mpelelezi huyo huyo, wiki ijayo, anatuma elfu nane za keja ambayo hajawahi kuikanyaga, kwa mtu ambaye hajawahi kumwona. Manze.

Hiyo mnaita kufikiria kama Sherlock. Mimi naiita kubahatisha kwa sauti nzito.

Rudini kwenye hadithi zenyewe. Arthur Conan Doyle alikuwa daktari, na Holmes alimchora kutokana na mwalimu wake wa Edinburgh, Joseph Bell, ambaye alikuwa akiwafundisha wanafunzi kumwangalia mgonjwa vizuri kabla ya kusema anaumwa nini. Kuanzia 1887 aliandika riwaya 4 na hadithi fupi 56. Ukizisoma bila haraka utaona jamaa hashindi kwa sababu ni jini la akili. Anashinda kwa sababu anapiga magoti chini na kuangalia wakati wengine washaamua.

Kuna ile ya 1891, A Scandal in Bohemia. Holmes anamuuliza Watson ngazi za nyumba yao ni ngapi. Watson amezipanda mara mamia, na hajui. Ni 17. Watu wanacheka hapo wakidhani ni maringo. Mimi naona ndilo somo lenye faida kuliko yote. Wewe umepokea meseji za M-Pesa tangu upate simu. Ya kweli huwa inatoka kwa nani? Inatoka kwa jina MPESA, si kwa namba ya mtu. Sasa ikija moja kutoka namba ya kawaida, ikifuatwa na simu ya mama analia ati ametuma pesa kimakosa umrudishie, mbona unakimbilia kumhurumia kabla ya kuangalia salio? Na hata kama pesa imeingia kweli, mwambie apeleke ile meseji kwa 456, Safaricom wairudishe wenyewe. Mtu mkweli atakubali. Mkora ataanza kupiga kelele.

Ya pili ni Silver Blaze, 1892. Farasi ameibwa usiku, na mbwa wa zizi hakubweka. Kila mtu alikuwa anatafuta kilichofanyika. Holmes akauliza kwa nini kuna kitu hakikufanyika. Mbwa alinyamaza kwa sababu aliyeingia alikuwa mtu anayemjua. Hii ichukue uende nayo kwenye ile kazi ya ng'ambo uliyotumiwa WhatsApp. Usisome tu kile kimeandikwa. Tafuta kile hakijaandikwa. Mshahara upo, picha ya jengo refu ipo. Mkataba uko wapi? Jina la mwajiri? Hiyo ajenti iko kwenye orodha ya NEA, ile mamlaka ya ajira ya serikali? Wakenya wenzetu waliahidiwa kazi Thailand wakajikuta Myanmar, wamefungiwa kwenye kambi za utapeli wa mitandaoni, wakilazimishwa kuibia watu wengine. Hao hawakuwa wajinga. Wengi walikuwa wamesoma kuliko mimi niliyeacha chuo. Digrii haikusaidii kama hakuna aliyekufundisha kuuliza mbona mbwa amenyamaza.

Na tusikoseane hapa: aliyeibiwa hana kosa, mwizi ndiye mwenye kosa. Lakini mwizi hangoji tumalize kubishana nani wa kulaumiwa.

Ya tatu ndiyo mnairuka, kwa sababu inaharibu ile picha ya mtu baridi asiyekosea. Kwenye The Yellow Face, 1893, Holmes anajenga nadharia tamu kabisa kuhusu mke wa mteja wake, kwamba kwenye nyumba ndogo ya jirani kuna mume wa zamani anayemtisha. Wanaenda, mlango unafunguliwa, ndani kuna mtoto. Holmes amekosea vibaya. Hajitetei, wala hafuti posti. Anamwambia Watson siku akimwona anajiamini kupita kiasi, amnong'onezee jina la mahali hapo: Norbury. Wewe nani wako wa kukunong'onezea? Kwenye grupu lenu, kuna hata mmoja anayeruhusiwa kusema "ngoja kwanza" bila kuitwa mchawi?

Bado unadhani ni mambo ya kuwa na akili nyingi? Basi muangalie Doyle mwenyewe. Mwaka wa 1917 wasichana wawili wa Cottingley, Uingereza, walipiga picha zikionyesha wakiwa na viumbe vidogo vyenye mabawa. Yule baba wa Sherlock aliziamini, akaziandikia kitabu kizima mwaka 1922. Baadaye, 1983, wakiwa washazeeka, walikiri kwamba vilikuwa vikaratasi vilivyokatwa na kushikizwa kwa pini za kofia. Alitaka sana viumbe hao wawe wa kweli, basi. Vile wewe unataka sana hiyo keja ya bei rahisi iwe ya kweli. Tamaa hupofusha hata aliyemuumba Sherlock.

Najua kuna mmoja ameshaanza kuandika: kwani lazima tufundishwe na mzungu wa London? Si lazima, bro. Mohammed Said Abdulla wa Zanzibar alitupatia Bwana Msa tangu 1960, kwenye Mzimu wa Watu wa Kale. Anavuta kiko kama Holmes, lakini anatembea kwenye vichochoro vyetu. Watu wanaogopa mzimu, yeye anatafuta mkono wa binadamu. Kama hujamsoma, hiyo ndiyo ngazi yako ya kwanza.

Na mwingine atasema nawafundisha kushuku kila mtu. Hapana. Anayeshuku kila mtu ni mvivu sawa na anayeamini kila mtu, wote wameamua bila kuangalia. Kukaa rada ni kazi nyingine: nenda uione keja kabla ya kutuma kodi, ongea na jirani wa ploti, soma mkataba mpaka ukurasa wa mwisho, na ile skrinshoti ya kumharibia mtu jina, uliza kwanza nani aliikata na alikata nini.

Koti la Sherlock unaweza kulinunua Gikomba. Kuangalia ni bure, na bado hatutaki.