Toleo Lisilomngoja Mtu
Mwezi wa Januari 2001 kiini cha Linux, programu huria iliyomo leo katika simu nyingi za mikononi mwetu, kilitoka kwa toleo la 2.4, na toleo kuu lililofuata, 2.6, halikudhihiri hadi Desemba 2003. Na katika muda huo wa karibu miaka mitatu kazi mpya zilirundikana katika tawi la majaribio, huku mafundi wa makampuni, kwa dhiki ya kungoja, wakizitia wenyewe kama viraka katika toleo kongwe.

Nasema kwa yakini kwamba utaratibu uliokuja baadaye ni bora maradufu. Kwa wiki 2 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, huufungua mlango wa shina, yaani tawi kuu la kiini, na kupokea kazi mpya. Kisha huufunga, na takriban kila Jumapili hutoa toleo la majaribio, la kusahihisha makosa tu, mpaka ikitimia wiki ya 9 au ya 10 toleo kamili likatoka. Wenye kuichelea tarehe husema kwamba huleta pupa. La hasha! Aliyechelewa hangojwi, kama jahazi lisivyomngoja tajiri kusi ikishavuma, lakini hana sababu ya kuleta kazi mbichi, kwa kuwa mlango utafunguliwa tena baada ya miezi 2 hivi.

Napendezwa zaidi na sharti la matawi ya matengenezo, yale yanayosahihisha matoleo yaliyokwisha kutoka: sahihisho haliingii humo ila liwe limekwisha kuingia katika shina, ili kosa lililozikwa leo lisifufuke katika toleo lijalo.